Filamu za Oktoba na neno ulilonitafsiria

Mapendo mwanangu,

Kwetu barua huanza kwa salamu. Unauliza hali ya unayemwandikia, unasema na wewe hujambo, unawataja wote wa nyumbani mmoja mmoja mpaka karatasi inafika nusu, ndipo unasema kilichokufanya ushike kalamu. Mimi nitakusalimuje? Saa moja iliyopita ulikuwa chumba cha pili unagombana na zipu ya sanduku. Sasa umekwenda sinema kuagana na wenzako, mmejipaka nyuso unga mweupe, na baba yako alipokuona unatoka hivyo aliuliza, "Uyu anaenda kuogopesha nani, shofere ya basi?"

Basi salamu tuziache. Na mambo ya koti, ya kulala mapema na ya kupiga simu nayaacha pia, maana umeshayasikia mpaka masikio yamechoka. Kesho saa nne asubuhi unapanda basi kwenda Bristol kuanza kazi uliyoitamani tangu ukiwa mdogo, kuwashonea nguo wale vikaragosi wa filamu za kutisha zenye utani. Mimi nina kama saa mbili kabla hujarudi, na nina swali lako moja ambalo sijalijibu.

Uliniuliza wiki mbili zilizopita, tukiwa mezani. Ulishika tonge, hukulipeleka kinywani, ukasema kwa Kiswahili, "Mama, uliamini?" Wewe ambaye kwa miaka kumi na miwili nikikuita kwa Kiswahili unaitika kwa Kiingereza. Hukusema niliamini nini. Nami nikakujibu, "Kula kwanza, bugali inapoa." Bugali ilikuwa bado inatoa moshi. Tangu siku hiyo tunapishana humu ndani kama wapangaji, unasema "morning" na "night", nami najifanya nina nguo nyingi za kupiga pasi. Nimeogopa, mwanangu. Naogopa hata sasa kwamba utapanda basi hilo bila jibu, na ukishafika huko utajijibu mwenyewe.

Ulikuwa na miaka minane, na huenda unakumbuka vipande tu. Acha nikupe chote.

Ilikuwa Oktoba kama sasa. Shuleni mliambiwa mje na mavazi ya kutisha kwa ile sikukuu yao ya mizuka, ukajitengenezea kofia ndefu ya karatasi nyeusi. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Uliingia jikoni umepanda ufagio wangu, ukanigusa tumbo kwa kijiko, ukasema, "Look, Mum, I'm a witch! I'm going to turn the baby into a frog!" Nilikufukuza jikoni na ufagio nikakunyang'anya.

Katika Kiingereza cha shule yako, mtu huyo alikuwa kofia, pua ya kijani na ndoo ya peremende. Kichwani mwangu neno lile liliingia likiwa mulozi, mchawi wa kweli. Na kule Uvira nilikozaliwa mulozi hachezewi. Mulozi ni jirani, ni shangazi, ni yule anayekula nawe mchana kisha usiku anamla mtu wako. Hakuna anayejiita mulozi hata kwa masihara, kwa sababu akijiita hivyo kesi imekwisha. Siku nne baadaye nilimpoteza mtoto. Daktari alinieleza sababu, pole pole, kwa Kiingereza, na sikusikia hata moja. Nilisikia chura tu.

Mama Josué wa kanisani alikuja kunipa pole na chupa ya uji. Nilimwambia. Sikupaswa kumwambia habari ya kijiko na chura, lakini nilitaka mtu aniambie kwa nini. Aliweka kikombe chini akasema, "Mama Mapendo, mutoto alijitaja yeye mwenyewe. Unangoja nini ingine?" Baba yako alikuwa mlangoni na viatu vya kazi mkononi. Alisema, "Wacha mutoto. Iko nacheza tu." Alisema mara moja, kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake si kwangu kukueleza, mwulize mwenyewe mkiwa garini kesho, akikupeleka kituoni.

Tulikupeleka kwa mchungaji, kwenye ule ukumbi wa kukodi juu ya duka la mazulia. Siku tatu, kila ukitoka shule, na hukuruhusiwa kula tangu asubuhi mpaka maombi yaishe. Uliulizwa nani alikupa uchawi, alikupa ndani ya chakula gani, mtoto umempeleka wapi. Siku ya kwanza ulicheka, ulidhani ni mchezo wa watu wazima. Siku ya pili ulilia. Siku ya tatu ulisema ndiyo, na watu wakapiga makofi na kuimba. Mikono mingi ilikuwa juu ya kichwa chako. Mmoja ulikuwa wangu, na nakuambia kweli, ndio uliobonyeza kuliko yote.

Kesho yake shuleni ulikataa chakula cha mchana. Ulimwambia mpishi kwamba huruhusiwi kula kwa sababu umemla mdogo wako. Ndipo tukaitwa, mimi na baba yako, katika kile chumba chenye viti vidogo. Mwalimu mkuu alikuwepo, na mama mmoja wa ustawi wa watoto, wale ambao kanisani kwetu tuliwaita sosho na tuliwaogopa kuliko polisi. Mkalimani alikuwa kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza, sauti ya mama wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka.

Mimi Kiswahili cha vitabu ninacho. Nilisomea katika kambi ya wakimbizi Kigoma, ndicho hiki ninachokuandikia. Siku ile kilinikimbia. Nilipoulizwa mtoto alisema nini, kilichotoka ni cha Uvira, cha nyumbani kwa mama yangu: "Alisema iko mu balozi."

Kwetu mmoja ni mulozi, wakiwa wengi ni balozi. Kwa mama yule wa pwani, balozi ni mheshimiwa wa serikali, mwenye bendera kwenye gari. Nikasikia anasema kwa Kiingereza kitu chenye "embassy" ndani yake. Mama wa sosho akaacha kuandika. "Which embassy?" akauliza. "Is somebody taking her out of the country?"

Baba yako alitoa macho. Mimi nilidhani hawakunisikia, nikarudia kwa sauti, "Balozi! Balozi!" na kila nilivyorudia nyuso zao zilizidi kukaza. Mwalimu mkuu aliinuka akafunga mlango. Mama wa sosho akauliza pasipoti yako iko wapi. Nilielewa neno pasipoti, na nilielewa mlango. Nilijua wanakuchukua.

Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti kimojawapo, mkoba wa shule juu ya magoti. Ukasema, "It's not embassy. She means witches. She's saying I'm a witch."

Ulisema taratibu, kwa sauti ile ile uliyotumia kunisomea barua za hospitali na za nyumba, sauti ya mtoto aliyezoea kuwasemea wazazi wake kwenye kila kaunta ya mji huu. Watoto wetu wote wanafanya kazi hiyo na hakuna anayewashukuru. Siku ile ulitafsiri shitaka lako mwenyewe, na hukukosea hata neno. Halafu ukanigeukia: "Did I say it right, Mum?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Watu wakihesabu makosa yangu watahesabu ukumbi, njaa na mikono. Mimi nahesabu kuitikia kule. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana mbele ya watu wote wale, kwa lugha yoyote, hata kwa kutikisa kichwa, na nikasema ndiyo. Kuanzia chumba kile hukunijibu tena kwa Kiswahili.

Hawakukuchukua. Walitufuatilia mwaka mzima, tuliacha kanisa lile, nilikaa kwenye mafunzo ya wazazi kila Jumatano. Nilifundishwa maneno ya kusema nikayasema vizuri, hata cheti nilipewa. Mdomo ulipona. Moyo, mwanangu, ulichukua njia ndefu zaidi, na njia hiyo ilipitia kwenye televisheni yetu.

Ulikuwa na miaka kumi ulipokuja na diski kutoka maktaba. Juu yake palikuwa na nyumba iliyopinda na mwezi mkubwa kupita kiasi. Nilisema hapana. Baba yako akasema tuone. Basi nikakaa pembeni yako kwenye kochi, na kwenye mfuko wa sweta nilikuwa na Biblia ndogo, nimeishika kwa mkono mmoja mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa ile ya fundi cherehani marehemu anayerudi kumalizia koti la mteja, na kila akitoa futi kupima mabega watu wanazimia. Wewe ulicheka mpaka ukashuka chini ya kochi. Mimi sikuitazama. Nilikutazama wewe.

Oktoba ile yote, na iliyofuata, nilikaa nawe. Najua unazihesabu jioni zile kuwa nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo, bisi za mahindi kwenye bakuli la plastiki, miguu yako juu ya mapaja yangu. Samahani kwa nitakalosema. Miaka ile miwili sikuwa mwenzako, nilikuwa mlinzi. Nilitazama unacheka wapi. Nilitazama kama macho yako yanabadilika wafu wakitokea. Ulipompenda zaidi yule kikaragosi mwenye pembe nilikosa raha wiki nzima.

Lakini filamu zenyewe hazikujua kwamba mimi ni mlinzi, zikaendelea kunifanyia kazi yao.

Kwanza ni adabu. Sijaona wafu wenye adabu namna ile. Wafu wa hadithi tulizosimuliwa sisi huja kudai. Wale wa filamu zako hubisha hodi, huvua kofia hata kama kichwa kinatoka pamoja nayo, wamerudi kwa sababu wamesahau glavu. Majitu yana haya. Mifupa inacheza muziki na inaomba radhi ikikukanyaga. Na kinanda kile cha huzuni kinachopigwa chini chini ndicho hasa kinanda cha misheni ya Uvira, chenye kibonye kimoja kigonjwa, nikacheka peke yangu nilipokitambua.

Pili ni mikono. Ulinieleza kwamba hakuna kikaragosi anayetembea mwenyewe, kwamba mtu anamsogeza kiasi cha unywele mmoja, anapiga picha, anamsogeza tena, na siku nzima ya kazi inazaa sekunde chache. Sikuamini. Ukasimamisha filamu ukanionyesha alama ya kidole kwenye shavu la udongo. Tangu hapo nikaanza kutazama mishono, pindo za makoti, vifungo vidogo kuliko mbegu ya ufuta. Mtu alikaa siku nzima kulifundisha zimwi kuinamisha macho kwa aibu. Mtu kama huyo, nilijisemea, sidhani kama anamtakia mtoto wa mwenzake mabaya.

Na hofu. Miaka yote sikuelewa kwa nini mtu mwenye mlango unaofungwa aende kujitafutia hofu. Mimi nimelala msituni na nimemziba mdogo wangu mdomo ili asilie, hofu ile haikuwa na muziki. Taratibu nikaona kwamba ya kwenu ina mwisho. Majina ya waliotengeneza yanapita, taa inawashwa, mtu anaweka chai. Nilianza kuipenda hofu ya namna hiyo. Nilianza kuingoja Oktoba, na baba yako akanitania kwamba nimekuwa kama watoto wa mtaa wetu.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili tulipoona ile ya msichana mwenye miguu ya ndege. Unaikumbuka. Anaishi na bibi yake kwenye nyumba yenye ngazi zisizofika popote, na mji mzima unakuja kumtoa, wamebeba taa, wanaimba wimbo wa kuchekesha. Bibi, kikaragosi asiyezidi chupa ya soda, anasimama mlangoni na mwiko. Anasimama tu na mwiko wake, na taa zote zile mbele yake.

Ulikuwa umeegemea bega langu. Mimi nilikuwa natafuta niko wapi katika picha ile, kama mtu anavyojitafuta kwenye picha ya harusi. Sikuwa mlangoni. Nilikuwa kwenye kundi. Palikuwa na mwanamke mmoja wa mbele, kitambaa kichwani, anayeimba kuliko wote, nikamfahamu.

Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili usinisikie. Uliniita, "Mum, you're missing the best bit!" Nikasema nimebandika maji. Niliporudi ile Biblia niliiacha juu ya friji, na kuanzia hapo nilitazama televisheni, sikukutazama tena wewe.

Mwaka uliofuata ulitaka vazi jeusi, na nikasema nitalishona mimi. Nilikwenda kwa yule Mhindi mzaliwa wa Mwanza mwenye duka la vitambaa hapa mjini, ambaye hunisalimia kwa Kiswahili cha zamani kuliko changu. Akaona nachagua nyeusi, akashusha sauti: "Pole mama. Msiba?"

"Hapana, baba," nikasema. "Binti yangu anataka kuwa mchawi."

Nilisema hivyo dukani, mchana, watu wamesimama. Mzee akavuta jora jingine. "Basi chukua na hii zambarau. Wachawi wa siku hizi wanapenda rangi." Nilicheka mpaka nikashika meza yake, na mke wake akaja kuangalia kuna nini. Pindo la vazi lile ulilishona mwenyewe, nikakufumulia mara tatu ukakasirika. Mkono ule ndio umekupatia kazi, usiwasikilize wanaosema ni bahati.

Sasa jibu, kabla hujarudi.

Ndiyo. Niliamini. Si kwa dakika ya uchungu hospitalini, wala si kwa sababu ya Mama Josué, hata kama ningependa sana kumbebesha. Niliamini ukumbini, niliamini kwenye chumba cha viti vidogo, na niliendelea kuamini kidogo kidogo, kwa siri, nikikupikia na kukusuka nywele, miaka minne. Sikukuambia kwa sababu niliona umesahau. Halafu uliponiuliza nikaona hukusahau hata siku moja, nikakuambia ule.

Na kuna swali ambalo hukuuliza, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Siku ya tatu ukumbini ulisema ndiyo. Watu wazima tunajua mtoto mwenye njaa husema ndiyo. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kichwa chako, na mtoto humwamini mama yake. Naogopa kwamba uliniamini. Naogopa kwamba chini kabisa, mahali ambapo hata wewe hupafikii, bado unadhani ulifanya kitu kwa kijiko kile.

Kwa hiyo mwaka jana nilirudi hospitali kuomba nisomewe karatasi zangu. Sikukuita uje kunisemea. Nilikwenda peke yangu na kamusi kwenye simu, nikamwambia daktari arudie kila sentensi, na aliponiona naandika akarudia bila kukasirika. Kondo la nyuma lilibanduka kabla ya wakati. Hayo ndiyo maneno. Lilianza kubanduka mapema, alisema, labda wiki nzima kabla ya siku ile, kabla hujakata karatasi ya kofia yako. Hukumfanya mdogo wako kitu chochote. Ulikuwa mtoto wa miaka minane uliyefurahi kwamba anakuja, na ulitaka kunichekesha.

Sikuombi unisamehe leo. Ukiniambia umenisamehe upesi upesi ili upande basi, nitajua umenihurumia tu.

Nilitaka kuiweka barua hii ndani ya sanduku, kati ya nguo, uikute huko. Kisha nikafikiri utaisoma peke yako kwenye chumba kigeni, na utatafuta mtu wa kumgombeza usimpate. Hapana. Nitakupa mkononi. Utaisoma hapa mezani, mimi nikiwa mbele yako, na ukikwama kwenye neno niulize, nitakutafsiria mimi. Ukitaka kupiga kelele, piga. Ukitaka kwenda kulala kwa wenzako mpaka saa ya basi, nenda, nitakuletea sanduku kituoni na nitasimama mbali.

Nasikia kicheko chako chini kwenye ngazi, mnaagana. Sitaikunja karatasi hii.

Mama yako